Kompyuta ya gemu ya sebuleni: mashine ya ofisi, chipu yenye michoro ndani, au kujenga kamili?

Kabla hujauliza bei ya kadi yoyote ya michoro, ile inayochora picha za gemu, fungua menyu ya TV yako uone inaonyesha nini. Nyingi zilizoko kwenye sebule zetu, za inchi 32 hadi 43, zinaishia 1080p (vitone 1920 kwa 1080), picha 60 kwa sekunde. Hapo ndipo bajeti yako inapoanzia. Kompyuta ikitoa fremu, yaani picha, 120 kwa sekunde, TV ya 60 itakuonyesha 60, na zile nyingine umezilipia bure.

Naanza na TV kwa sababu ushauri mwingi wa kompyuta za gemu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekaa mezani, uso wake nusu mita kutoka kwenye kioo. Sebuleni unakaa mita mbili na nusu, padi mkononi, mgongo kwenye kochi. Ukiwa pale hutatofautisha kivuli cha gemu kwenye mpangilio wa juu wa ubora wa picha na cha mpangilio wa juu kabisa. Utakachokiona ni picha kukwama mchezaji anapokimbia pembeni, na utakachokisikia ni feni. Kwa hiyo ninapolinganisha njia hizi tatu napima mambo mawili zaidi ya bei: fremu 60 zisizoyumba kwenye 1080p, na utulivu wa chumba ambacho bibi naye anataka kusikiliza taarifa ya habari.

Kama TV yako ni ya 4K usiogope. 1080p ina pikseli 2,073,600, na 4K ina 8,294,400, yaani mara nne kamili. Kuilisha 4K kikweli kunataka kadi ya bei kubwa. Lakini TV yenyewe inajua kupanua picha ya 1080p, na gemu nyingi zina FSR ya AMD, mbinu ya kuikuza picha ndogo, iliyotoka Juni 2021 na inayofanya kazi hata kwenye kadi za kampuni nyingine. Kwa umbali wa kochi, picha hiyo inapendeza.

Njia ya kwanza: mashine ya ofisi iliyotumika

Hizi ndizo Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre zinazokuja kwa makontena baada ya ofisi za nje kubadilisha vifaa. Kariakoo utazikuta zimepangwa hadi darini. Zina madabodi imara (bodi kuu inayounganisha kila kitu), zina RAM na diski tayari, na zile nyembamba zinaingia kwenye rafu ya TV kama king'amuzi kikubwa. Unaongeza kitu kimoja tu, kadi ya michoro.

Kwenye kuchagua mashine, nina sharti moja nisilolegeza: prosesa iwe Intel ya kizazi cha 8 au baada ya hapo. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na orodha ya Windows 11 kwa Intel za kawaida za mezani inaanzia kizazi hicho. Muuzaji atakuonyesha i7 ya kizazi cha 4 kwa bei inayovutia, na neno "i7" litakujaa moyoni. Mwachie. i5-8500 ina viini sita vya kufanyia kazi, ile i7 ya zamani ina vinne, na gemu za leo zinavitumia vyote.

Shida ya njia hii ni umeme na nafasi, na hapa nataka uangalie kwa karibu kama mimi nilivyoangalizwa. Nilikwenda kwa fundi na hela ya kadi mfukoni. Akaniambia, "Kaka, usinitajie kadi kabla hatujaiona pawasaplai." Akavuta kishikizo cha nyuma, mfuniko ukaachia, akanielekeza kwenye lebo ya boksi la pawasaplai, lile linalogawa umeme ndani ya mashine: wati 200. Kisha akanionyesha nyaya zinazotoka. Hapakuwa na ile plagi ya pini sita inayokwenda kwenye kadi. "Kadi yako italishwa na sloti, ule mwanya inapochomekwa, peke yake," akasema, "na sloti inatoa wati 75. Ukizidi hapo unatafuta matatizo."

Kuibadilisha pawasaplai hiyo si rahisi, maana Dell na HP wanatumia plagi za kwao kwenye mashine hizi na boksi la kawaida la dukani halichomeki moja kwa moja. Kwa hiyo uchaguzi unabaki kwenye kadi za wati 75 kushuka chini, tena za kimo kifupi. Chukua rula: kadi ya kawaida ina bati la kufungia la sentimita 12 hivi, na mashine nyembamba inataka la sentimita 8. Ulizia kama bati fupi lipo ndani ya boksi. Pima na unene pia, kwa sababu kwenye baadhi ya mashine sloti ndefu imebanwa na pawasaplai na kadi inayokalia sloti mbili haiingii.

Ndani ya mipaka hiyo kuna kadi nne za kuzungumzia. GTX 1050 Ti ya 2016 bado inacheza gemu za zamani vizuri, ila nisingeinunua leo kama kuna nyingine. GTX 1650 ya 2019, yenye GB 4, ndiyo inayopatikana zaidi mitumba, na inatosha kwa mpira, GTA V na Fortnite kwenye 1080p kwa mpangilio wa kati. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka mwanzoni mwa 2024, inatumia wati 70 na inaipita 1650 waziwazi, tena ina DLSS, mbinu ya kukuza picha inayofanana na FSR. Kama mfuko unaruhusu, chukua hiyo. Kuwa makini, ipo 3050 nyingine ya GB 8 inayotaka plagi yake ya umeme.

Ya nne, RX 6400, inavutia kwa kuwa ni nyembamba na inakula wati 53 tu. Lakini ina njia nne tu za PCIe, yaani barabara za data kati ya kadi na madabodi, na imetengenezwa ikitegemea kizazi cha 4 cha PCIe. OptiPlex yenye i5-8500 ina kizazi cha 3, na kila njia hapo inapitisha nusu ya data. Kumbukumbu ya GB 4 ikijaa, kadi inaomba vitu kutoka kwenye RAM kupitia mlango huo mwembamba, na picha inaanza kukwama. Kwenye madabodi mpya sina neno nayo. Kwenye mashine ya ofisi ya umri huu, hapana.

Yangu ilikula shilingi 760,000 kwa jumla: mashine 400,000, kadi 1650 iliyotumika 280,000, na 80,000 zikaenda kwenye padi, kebo ya HDMI na kifaa cha Bluetooth. Bei zinapanda na kushuka, lakini mgawanyo huo ndio naushauri. Kwenye mashine ya aina hii kadi ikila theluthi moja hadi nusu ya hela yote, uko sawa. Ikila robo, prosesa itakaa ikiisubiri.

Neno moja kuhusu kadi za mitumba. Mdogo wangu aliuziwa "1050 Ti" kwenye duka ambalo silitaji. Boksi zuri, stika nzuri. Nikaiwasha na programu ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo inasoma chipu yenyewe badala ya kuamini jina lililoandikwa. Ikaandika kwamba ni feki: chipu ya miaka mingi nyuma iliyobadilishwa jina. Alipoirudisha, mwenye duka alikana kumfahamu. Mtoto alikuwa ameweka akiba miezi saba. Programu hiyo inaingia kwenye flashi na haihitaji kusakinishwa, kwa hiyo nenda nayo.

Njia ya pili: chipu yenye michoro ndani yake

Hapa hununui kadi kabisa. Ryzen 5 5600G ya 2021 ina viini sita na michoro ya Vega ndani ya chipu ileile. Uzuri wake ni udogo, ukimya na umeme mdogo. Ubaya wake ni kwamba michoro hiyo inakopa RAM ya kompyuta badala ya kuwa na kumbukumbu yake ya kasi. Kwa sababu hiyo, ukiweka kipande kimoja cha RAM cha GB 16, unaipokonya nusu ya barabara yake. Weka viwili vya GB 8. Kosa hili nimelikuta kwenye mashine tatu nilizoombwa kuzitazama, na kwenye zote mwenyewe aliamini chipu ni mbovu.

5600G inacheza mpira na gemu za mashindano kwenye 1080p ukishusha mpangilio. Gemu nzito mpya zitakurudisha 720p. Ryzen 7 8700G ya Januari 2024 ina michoro yenye nguvu zaidi, inakaribia 1650, lakini ilitoka kwa dola 329, inataka madabodi mpya ya AM5 na RAM ya DDR5. RX 6600, ambayo ni kadi kamili, nayo ilitoka kwa dola 329. Mimi sioni namna ya kuitetea 8700G sebuleni kwa mtu anayehesabu hela, labda awe na nafasi ya ukubwa wa kitabu tu pale kwenye rafu.

5600G naitetea kwa mtu mmoja: yule mwenye hela ya nusu safari leo na nusu nyingine mwakani. Ananunua chipu, madabodi ya B550, pawasaplai nzuri na kava (sanduku la kompyuta) la kawaida, anacheza mdogomdogo, halafu hela ikipatikana anachomeka kadi kubwa. Hapotezi kitu alichonunua mwanzo. Mashine ya ofisi haina njia hiyo, kwa sababu ukishaichomeka 3050 umefika mwisho wake.

Njia ya tatu: kujenga kamili

Ryzen 5 5600 isiyo na michoro, kadi ya RX 6600, RAM ya GB 16, SSD (diski ya kasi) ya NVMe. Huu ndio mchanganyiko ninaoupenda kuliko yote kwa TV ya 1080p. RX 6600 ya Oktoba 2021 ina GB 8 na inakula wati 132. Karibu gemu yoyote inatulia kwenye fremu 60 kwa mpangilio wa juu, na inabaki na akiba ya kwenda 1440p, hatua iliyo kati ya 1080p na 4K. Hata Valve, wenye duka la gemu la Steam, walipotangaza Steam Machine yao mpya ya sebuleni Novemba 2025 waliweka GB 8 za kumbukumbu ya michoro. Kwa mtu anayetaka miaka minne au mitano bila kufungua kava tena, GB 4 hazitoshi, na GB 6 zinabana.

Ila hesabu yake ni nyingine. Bei niliyopewa ya mchanganyiko huu ilikuwa mara mbili na ushee ya ile niliyolipa, na tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepanda duniani kote, kwa kuwa viwanda vinahudumia kwanza vituo vya akili unde. Anayejenga upya analipa bei hiyo ya sasa. Anayenunua mashine ya ofisi yenye GB 16 ndani, mara nyingi RAM hiyo bado imehesabiwa kama sehemu ya mzigo wa zamani. Miaka mitatu nyuma pengo kati ya njia ya kwanza na ya tatu lilikuwa dogo kuliko sasa.

Ukijenga, bana popote pengine lakini pawasaplai iache. Wati 550 za kampuni inayojulikana, zenye alama ya 80 Plus ya ufanisi wa umeme, zinatosha kabisa kwa RX 6600. Boksi jepesi lililoandikwa wati 700 na halina uzito mkononi ni hatari kwa kila kitu kilichochomekwa humo, hasa mtaa ambao umeme unakatika na kurudi kwa kishindo. Mimi ningechukua prosesa ya chini zaidi kuliko kushusha ubora hapo. Na kati ya prosesa na kadi, kadi ndiyo ipate hela. Kwenye fremu 60, 5600 hutaisikia ikilalamika. Ukiweka Ryzen 7 ya bei kubwa na kadi ya 1650, kochi halitaijua hiyo Ryzen 7.

Luku, joto na kelele

Watu wananiuliza sana kuhusu umeme, basi tuhesabu. Kujenga kamili kunavuta takriban wati 250 gemu ikiwa imechanganya, mashine ya ofisi yenye 1650 kama 140, na 5600G peke yake kama 90. Ukicheza saa tatu kila usiku kwa siku 30, ni uniti 22.5, 12.6 na 8.1. Kwa mteja wa T1, daraja la kawaida la TANESCO, anayelipa kama shilingi 356 kwa uniti, ni takriban 8,000, 4,500 na 2,900 kwa mwezi. Tofauti hiyo peke yake haistahili kukubadilishia uamuzi. Lakini kama nyumba yako iko D1, daraja la matumizi madogo, ambako nafuu ni ya uniti 75 za kwanza, uniti 22 ni karibu theluthi ya mgao wote, na zinazovuka zinapanda bei sana. Kwa nyumba ya namna hiyo yenye friji na pasi, ningesimama kwenye njia ya kwanza au ya pili.

Kila wati inayoingia inatoka kama joto. Dar mwezi wa Februari chumba chenyewe kina nyuzi 32, na kabati la TV lenye mlango wa kioo ni jiko. Nilipoiweka mashine yangu humo, ndani ya robo saa feni ilianza kuvuma kama ya bafuni. Nikaitoa na kuisimamisha pembeni mwa kabati, sentimita 15 kutoka ukutani, ukimya ukarudi. Kwa waliopo karibu na bahari, chumvi na vumbi vinashikana kwenye mapezi ya feni. Brashi laini kila baada ya miezi mitatu inatosha.

Kava kubwa la njia ya tatu lina faida hapa ambayo watu hawaihesabu: feni kubwa zinazunguka polepole. Mashine nyembamba ya ofisi ina feni ndogo, na kadi fupi ina feni ndogo zaidi, kwa hiyo zote zinapiga kelele ya juu, ile ya mluzi. Dawa niliyoipata ni kufunga fremu kwenye 60 ndani ya mipangilio ya kadi. Kadi ikiacha kukimbilia fremu ambazo TV haizionyeshi, inapoa na kunyamaza. Haikugharimu chochote.

Padi nayo ina siri yake. Mashine nyingi za ofisi hazina Bluetooth, na kifaa cha USB ukikichomeka nyuma, karibu na milango ya USB 3.0 na bati la chuma, mawimbi ya 2.4 GHz yanavurugwa. Utabonyeza na mchezaji atapiga mpira baadaye. Tumia waya wa USB wa kurefusha, kiweke kifaa mbele kionane na kochi. Na kwenye TV washa hali ya gemu, maana bila hiyo TV inaipaka rangi kila picha kabla ya kuionyesha, nawe unadhani kompyuta ni nzito.

Na PlayStation 5 je? Swali hilo ni la haki. Kwa nguvu peke yake, chipu ya PS5 ya 2020 yenye viini nane na GB 16 inaishinda mashine yangu ya ofisi kwa mbali. Anayetaka kucheza tu, bila kitu kingine, na ana hela ya gemu mpya kila msimu, akanunue PS5. Kompyuta inashinda pale ambapo watoto wataandikia kazi za shule kwenye TV ileile, ambapo gemu zinanunuliwa kwenye punguzo la Steam, na ambapo kuna gemu za bure nyingi. Kwa nyumba yangu hilo la kazi za shule ndilo lililoamua.

Wengine wataniambia niweke SteamOS, mfumo wa Linux wa Valve, au Linux nyingine badala ya Windows ili mashine ionekane kama konsoli. Inapendeza na ni ya bure, lakini EA Sports FC na Fortnite hazikubali huko kwa sababu ya ulinzi wake dhidi ya wadanganyifu. Kama sebule yako inaishi kwa mpira wa EA, baki Windows 11 na ufungue Steam kwa Big Picture, hali yake ya skrini nzima inayoendeshwa kwa padi.

Basi mwenye TV ya 1080p na bajeti isiyofika milioni moja, namwelekeza kwenye mashine ya ofisi ya kizazi cha 8 yenye 3050 ya GB 6, au 1650 kama ndiyo iliyopo. Mwenye milioni na nusu kwenda mbele, ajenge 5600 na RX 6600. 5600G ni ya yule anayejenga kwa awamu.

Siku ya kununua, beba HDMI yako mwenyewe na flashi yenye GPU-Z. Chomeka kebo kwenye kadi, usichomeke kwenye madabodi. Omba gemu moja nzito ichezwe dakika ishirini mfululizo mfuniko ukiwa umefungwa, kwa sababu dakika tano za mwanzo kila mashine inaonekana nzima. Ikifika ya kumi na tano sogeza sikio, kisha weka kiganja pale hewa inapotokea. Iwe ya moto na inayosukuma. Ikiwa ya moto na haisukumi, feni imechoka au imeziba, na hiyo irudi kwenye rafu yake.